Wimbo wa Mama Mvuke

14 Februari 1988

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba goti halikusumbui tena unapopanda ngazi za shule. Mimi sijambo, nakula, nalala, na mikononi nimebaki na alama moja tu ya kuungua, tena ndogo, kwenye kidole gumba. Glavu alizonitumia Baba zimefika, zote mbili za mkono wa kushoto. Mpe asante yangu, na hilo la kushoto usimwambie.

Habari kubwa ni kwamba nimetolewa kwenye foronya nikapelekwa kwenye meza ya shuka. Ni kupanda cheo, Shangazi, usicheke. Hospitali hii ina vitanda mia nane, na shuka zake zote hupita kwenye dobi letu. Shuka haikunjwi na mtu mmoja. Mnashika pembe mbili mbili, mnarudi nyuma hatua tatu, mnaikung'uta mara moja, mnakutana katikati, unampa mwenzako pembe zako, unainama kuupokea mkunjo. Mkipishana nusu hatua tu, shuka inapinda, na msimamizi anairudisha ameishika kwa vidole viwili kama anashika panya.

Mwenzangu ni mama wa Kibengali, mtu wa makamo, mwembamba, mwenye mikono ya kubeba gunia. Mashine ya pasi ya mvuke ni yake, hakuna anayethubutu kuigusa, ndiyo maana dobi zima linamwita Mama Mvuke. Lugha yake siijui, yangu haijui. Kati yetu tuna maneno kama ishirini ya lugha ya nchi hii ya ugenini: moto, shuka, bado, haraka, chai, kesho. Kwa maneno hayo hata ugomvi hatuwezi.

Siku ya kwanza tulipishana mpaka nikakaribia kulia. Siku ya pili akaanza kuimba. Hakuniambia kitu, aliimba tu, na miguu yangu ikajua yenyewe lini irudi nyuma na lini isogee. Tangu siku hiyo hatujarudishiwa shuka hata moja.

Sasa sikiliza, maana ulitufundisha kusema jambo bila kulizungukazunguka. Nimependa. Nimeupenda wimbo ambao sielewi hata neno lake moja. Nikioga ninao, nikisubiri chai ichemke ninao. Mstari wa pili una mahali sauti inashuka ghafla, nami kila siku naingoja ishuke, na ikishuka moyo wangu unashuka nayo.

Mkataba wa Mama Mvuke unaisha mwisho wa Julai. Hapa mtu akiondoka huketishwa kwenye kiti cha msimamizi, mashine zinazimwa kwa dakika kumi, na kila meza inampa neno la kwaheri. Nataka kumwimbia wimbo wake mwenyewe. Lakini najua sheria ya kwaya yako: haimbi mtu peke yake mbele ya watu mpaka wewe umsikilize umempa mgongo, kisha ugonge meza mara mbili. Ukigonga mara moja, arudi akafanye mazoezi. Nimetoka kwenye kwaya miaka minne sasa, ila sheria haijanitoka. Naomba ruhusa.

Mtoto wa kaka yako,
Chiriku


20 Machi 1988

Chiriku,

Marahaba, mwanangu. Goti ni lile lile, tumeshazoeana. Baba yako amenunua baiskeli ya tatu ili atoe vipuri vya kutengenezea ile ya kwanza. Ya pili anasema ni ya akiba. Mdogo wako amefaulu mtihani, na tangu matokeo yatoke haoshi hata kikombe. Kwaya ina watoto arobaini na wawili mwaka huu, na kumi kati yao wana masikio. Uwiano huo si mbaya.

Umepanda cheo na nimefurahi. Nilimwonyesha mwalimu mkuu barua yako, ile sehemu ya shuka tu.

Kuhusu wimbo, jibu langu ni hapana.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Utasimama mbele ya watu uimbe maneno ambayo huyajui, mbele ya mwenye maneno? Kama ni matusi je? Kama ni jambo ambalo yule mama huliimba akiwa peke yake na hataki kulisikia kwa mtu mwingine? Wewe utaona umempa zawadi, kumbe umemwingilia chumbani bila hodi. Katika miaka yote niliyofundisha sijamruhusu mtoto kuimba kitu ambacho hawezi kunieleza kinasema nini. Wenzangu huniita mkaidi. Waache waniite.

Tafuta maana kwanza. Kuuliza si ujinga. Ukinieleza wimbo unasema nini, tutazungumza. Lakini ukisimama mbele ya watu ukaimba usichokijua, usinitaje kuwa mwalimu wako. Nimesema.

Vaa viatu vya kufunika vidole. Sakafu ya dobi ina utelezi.

Shangazi yako


2 Mei 1988

Shangazi mpendwa,

Shikamoo tena, hata kama umenikasirikia. Viatu ninavyo. Mwambie mdogo wangu hongera, na kwamba vikombe havioshwi kwa cheti. Hapa joto limeanza, na ndani ya dobi tunafanya kazi tumefunga vitambaa vya maji shingoni.

Sijauliza maana. Wa kumuuliza yupo. Dereva wa gari la nguo chafu anakijua Kibengali na anaijua lugha ya hapa, na huja kila siku saa nne, na tena saa nane. Dakika tano zingetosha. Kila siku namwona akishusha mafurushi, namsalimu, na naacha aende zake.

Nitakwambia kwa nini, kwa sababu wewe huwezi kudanganywa. Naogopa. Wimbo huu kwangu ni mkubwa. Je, nikiambiwa ni wimbo wa kumsifu ng'ombe mwenye maziwa mengi? Nitaukunjia shuka vipi kesho yake? Tena moyoni najua wimbo unasema nini. Ni wimbo wa msiba, Shangazi. Kuna kitu kimepotea humo na hakirudi. Nikiuimba machozi yananitoka bila kamusi.

Na hebu nikuulize kwa adabu. Uliponipandisha juu ya dawati nikiwa na miaka mitatu nikawaimbia wazazi wa wanafunzi, nilikuwa naelewa nini? Nilikuwa naelewa uso wako tu. Mbona ulinipigia makofi?

Nakutumia kaseti. Upande wa kwanza ni Mama Mvuke, nilimrekodi mezani, kwa hiyo utasikia mashine na miguu yetu. Alipoona redio kaseti alijifunga kitambaa upya kichwani, kana kwamba anapigwa picha. Upande wa pili ni mimi, chumbani kwangu, ndoo ikiwa juu ya kitanda ili isitoe mwangwi. Sikuombi ukubali. Nakuomba usikilize, kisha ugonge meza, mara moja au mbili, nami nitatii.

Chiriku wako


15 Juni 1988

Shangazi,

Shikamoo. Wote hapa hatujambo. Wiki ya sita hii tangu nitume kaseti, na kila nikienda posta karani ananitikisia kichwa kabla sijafika dirishani. Najua barua husafiri kwa miguu. Lakini na wewe najua ukikasirika hunyamaza, na kutoka huku siwezi kujua ni kipi kati ya hivyo viwili. Zimebaki wiki sita.

Chiriku


12 Julai 1988

Chiriku,

Marahaba. Posta haina kosa. Kaseti ilifika tarehe mbili Juni, nami ndiye niliyekaa kimya. Baba yako hajambo. Ile baiskeli ya kwanza sasa inakwenda, ila haisimami.

Siku ilipofika nilifunga mlango wa chumba cha muziki, nikabonyeza kitufe, nikageukia ukuta kama kawaida yangu. Nilikuwa peke yangu mle chumbani. Katikati ya wimbo nikajiuliza namgeuzia nani mgongo, nikavuta kiti nikakaa mbele ya redio.

Nimeusikiliza kila siku tangu hapo. Sikutaka kukwambia hilo, lakini karatasi ni yangu ya mwisho na sitaipoteza kwa kuandika upya.

Sauti umeishika. Tuni hujakosea popote, na pale sauti inaposhuka umepashika vizuri kuliko nilivyotarajia. Nilijivuna nikiwa peke yangu, ambako hakuna ubaya. Hata hivyo, nimegonga mara moja.

Unauimba umeinamisha kichwa. Nakusikia kidevu kimegusa kifua. Umeamua ni msiba, ukauvalisha wimbo wa watu nguo nyeusi. Rudia upande wa kwanza uache kusikiliza maneno ambayo huyajui, usikilize pumzi. Mtu mwenye msiba pumzi humwishia kabla ya mwisho wa mstari. Huyu mama mwisho wa kila mstari anabakiwa na pumzi, na bado anaisukuma mbele. Pale sauti inaposhuka haanguki. Anachuchumaa ili ainue kitu. Chiriku, huyo mwanamke anajidai! Sijui anajidai kwa nini, na sijui neno hata moja, lakini niko tayari kuweka mkono wangu mezani na nyundo juu yake.

Imba. Kidevu juu, mabega nyuma, miguu ikanyage sakafu. Na usilie, machozi ni yako, wimbo ni wake.

Nitampa mtu anayepitia mjini ili barua hii iwahi.

Shangazi yako


31 Julai 1988

Shangazi,

Shikamoo. Hujajibu, na maji yameshamwagika. Nimevunja sheria yako juzi Ijumaa saa nane mchana, mbele ya watu hamsini na kitu. Kama umenifuta, nifute ukiwa unajua nilichofanya.

Mashine zilipozimwa nilisikia masikio yanavuma. Hatujazoea kimya mle ndani. Mama Mvuke aliketishwa kwenye kiti cha msimamizi, amevaa viatu vyake vya safari, mikono magotini. Watu wa kufua wakampa kitambaa, watu wa kukausha wakampa picha tuliyopiga sote. Ikafika zamu ya meza ya shuka, na meza ya shuka ni mimi.

Nikaanza. Nilipotoa neno la kwanza aligeuka haraka sana kunitazama. Niliimba kama nilivyokuwa nikiimba chumbani, taratibu, macho chini, na kufika mstari wa pili nilikuwa nalia, na wanawake wa foronya nao wanalia, na mzee wa bomba la maji moto amevua kofia. Nikaona nimefanikiwa.

Mama Mvuke akainuka kitini. Hakuwa analia. Alinijia akanishika kidevu kwa vidole viwili akakiinua. Akanipiga mabega yakarudi nyuma. Akasema "bado", neno letu la kazini, lile tunaloambiana shuka ikiwa haijakauka. Kisha akapiga meza kwa kiganja, akaanzisha wimbo upya kwa mwendo wa mezani, nami nikamfuata, hatua mbili mbele, tatu nyuma, hatuna shuka mikononi. Watu wakashika mpigo kwenye meza na kwenye madebe ya sabuni. Dakika kumi zikapita. Msimamizi akaangalia saa, akaivua, akaitia mfukoni.

Dereva wa gari la nguo chafu alikuwa amesimama mlangoni, amesahau mafurushi. Safari hii sikukimbia. Nilimuuliza wimbo unasema nini, akamuuliza Mama Mvuke, akanieleza. Wanawake wa kijiji chake huuimba wakibeba udongo kichwani kujenga nyumba upya, maana mto wao kila miaka michache hula ukingo na kuondoka na nyumba. Nimeandika alivyonieleza:

Mto umekula ukingo, umekula uwanja, umekula mlango wa bibi.
Kula, mto, kula.
Sisi tunajua kujenga kuliko wewe unavyojua kula.

Yeye peke yake amejenga mara nne. Anarudi kujenga ya tano, safari hii kwa matofali. Kumbe miezi sita nimekuwa nikimlilia mtu ambaye yeye mwenyewe halii! Niliona aibu, na papo hapo nikajisikia mrefu kuliko nilivyokuwa asubuhi. Shangazi, nilisimama pembeni ya mwanamke yule, nikaujua wimbo wake, na sijawahi kujivunia kazi yangu kama saa ile.

Alipokuwa anaondoka alimwambia dereva aniambie neno. Kwamba binti zake wanne hakuna hata mmoja aliyetaka kujifunza ule wimbo, wanasema ni wa kizamani. Kisha akaniachia kitambaa cha kushikia pasi. Sasa mashine ya mvuke ni yangu.

Ulikuwa na haki kunikataza. Niliimba nisichokijua na nikakosea. Lakini kama ningengoja kukijua, nisingeimba kabisa, na yeye angeondoka akidhani hakuna aliyekuwa akimsikiliza. Ndiyo hiyo kesi yangu. Hukumu ni yako.

Chiriku


9 Agosti 1988

Shangazi!

Shikamoo, na salamu nyingine zisubiri. Barua yako ya Julai imefika leo. Imezunguka, ina mihuri mitatu. Nimeisoma nimesimama pale pale posta mpaka karani akaniuliza kama nimefiwa, nikamwambia kinyume chake.

Kidevu juu. Mabega nyuma. Umeniandikia siku kumi na saba kabla, kutoka kote huko, yale yale aliyonifanyia yeye kwa mikono. Ulisikia kwenye kaseti ya kelele kitu ambacho mimi sikukiona nikiwa nimeshika pembe ya pili ya shuka.

Sasa niambie umejuaje. Wewe ndiye uliyesema wimbo haujulikani mpaka maneno yajulikane. Usinijibu habari za baiskeli.

Chiriku


16 Septemba 1988

Chiriku,

Marahaba. Baiskeli naiacha, kama ulivyoamuru.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilikuwa sauti ya kwanza, na nilijua kwamba ni mimi. Nilisikia kwenye sahani ya santuri wimbo wa lugha ya mbali, nikaupenda kama wewe ulivyopenda huu, nikaujifunza wote kwa sikio. Nikaalikwa kuimba kwenye harusi. Nikauimba huo, kwa madaha, natabasamu, namgeukia bibi harusi. Nilipomaliza, mgeni mmoja aliyeijua ile lugha aliinuka, akaniambia kwa upole kabisa kwamba nimeimba wimbo wa kumzika mtoto mchanga. Alisema kwa sauti ya chini, lakini mama wa bibi harusi alikuwa karibu. Uso wake ninao mpaka leo. Sikuimba tena mbele ya watu. Nikawa mwalimu. Ni miaka thelathini na moja.

Niliwatungia ninyi sheria ili yasiwapate. Nilidhani kosa langu lilikuwa kutojua maneno. Miezi hii na kaseti yako nimeelewa kwamba ile santuri ilikuwa inanieleza kila kitu. Mwimbaji wake pumzi zilikuwa zinamwishia, zinakatika, na mimi sikuzisikia kwa sababu nilikuwa nasikiliza nitakavyopendeza. Ningemsikiliza yeye, ningejua. Hivyo ndivyo nilivyojua safari hii.

Wewe ulikosea na ukaendelea kusimama. Mimi nilikosea nikakaa chini miaka thelathini na moja. Nimewasomea kwaya barua yako yote, si sehemu ya shuka tu, na nimewaambia aliyeandika ni nani, nimemfundisha miaka mingapi, na kwamba mwenye kutaka kunipongeza asione haya.

Wakataka kuusikia wimbo. Nikatafuta kaseti, kisha nikaiacha mezani. Juzi Jumatano, Chiriku, saa tano asubuhi, mbele ya watoto arobaini na wawili na mwalimu mkuu aliyekuja kuulizia chaki, niliimba. Sauti inakwaruza, ina kutu ya miaka, lakini kidevu kilikuwa juu. Watoto walipiga madawati. Mwalimu mkuu aliondoka bila chaki.

Nimeimba mistari miwili tu. Wa tatu unanishinda. Ni mrefu, na mimi pumzi inaniishia katikati, wakati yule mama anafika mwisho akiwa na akiba. Nimeurudia mara nyingi nikiwa nimeziba sikio moja, na bado sijui anavuta pumzi wapi. Kaseti haionyeshi. Wewe ulisimama mbele yake miezi sita, ulimwona kifua, ulimwona mabega. Niandikie ni baada ya neno lipi, na kama anavuta kwa pua au kwa mdomo. Watoto wananingoja, na nimewaambia wazi kwamba mimi sijui, ila yupo anayejua.

Usikawie.

Mwanafunzi wako,
Shangazi